Pembea ya Idi Tatu

Shela, Malindi
12 Januari 2026

Fundi Kavumbi, shikamoo.

Ni mimi Raiya, binti wa marehemu Mzee Mbaruk mwenye uwanja wa pembea. Nimekupigia simu mara saba wiki hii, na mara zote saba imelia mpaka ikachoka. Nikasema huyu kama amenuna, basi ananuna kwa bidii. Barua huwezi kuikatia, kwa hiyo nampa mwanao Mwalimu Charity, niliyemkuta sokoni Ijumaa, akutie mkononi.

Unakumbuka Malindi yetu ilivyokuwa na pahala pa kujifurahisha? Sinema leo ni ghala la simiti. Ule ukumbi wa dansi wa ufuoni umezungushiwa ukuta, na ndani sijui kuna nini, mbwa tu ndio wanaosikika. Kilichobaki ni uwanja wetu, na bila pembea yako umekuwa malazi ya mbuzi. Mimi kila nikipita pale naiona ilivyokuwa. Masanduku manane yanazunguka kwenye mhimili, yanapanda na kushuka, wanaume wanne wanasukuma, watoto wana nguo mpya na achari mpaka kwenye nyusi. Na Idi Tatu, siku ya tatu ya sikukuu, siku yetu wanawake, wallahi! Makuti yamezungushwa pande zote, mabuibui yametundikwa juu ya ua, ngoma ya vugo inapigwa, na sisi wenyewe tunaizungusha pembea kwa mikono yetu. Mwanamume aliyemo ndani ni mmoja tu, wewe, umekalia kasha, mgongo umetupa sisi, unaisikiliza pembea kwa masikio. Ukisikia mti umelia vibaya unapiga ukelele, "Simamisha!" na sisi tunasimamisha. Miaka arobaini sijausikia ukelele ule.

Sasa shida yangu. Faris, mtoto wa marehemu kaka yangu, amerithi nusu ya uwanja, na anataka uuzwe wote yajengwe maduka. Tumekaa kikao cha ukoo, nimepiga kelele mpaka koo likakauka. Mwisho akasema mbele ya watu wote: "Shangazi, leta ile pembea Idi hii. Ikisimama na watu wakaja, siugusi uwanja maisha yangu. Isiposimama, utatia sahihi." Nikakubali palepale, na hata hewa sijavuta.

Sasa nakutazama wewe.

Raiya Mbaruk


Marafa
19 Januari 2026

Bi Raiya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Pole kwa mambo ya uwanja. Baba yako alinitendea mema, na ukoo wake sitaki uone uchungu.

Lakini pembea haipo. Mchwa wameila. Nguzo, mhimili, masanduku, vyote wamemaliza. Huku kwetu mchwa si mchezo. Zungumza na Faris vizuri akuachie japo kipande. Mimi sasa ni mzee wa kufuga kuku.

Simu usihangaike nayo, siipendi.

Kavumbi Lewa, aliyekuwa fundi


Shela, Malindi
24 Januari 2026

Fundi, shikamoo tena, na hii ya leo ina hasira.

Mchwa! Tangu lini mchwa wakala mbambakofi? Mlango wa nyumba yetu ni mbambakofi huohuo, una miaka mia na ushee, na mchwa wakifika pale wanageuza njia. Nilikuwa na miaka kumi nilipokusikia kwa masikio yangu ukimwambia baba kwamba nguzo zile zitatuzika sote. Leo unaniambia zimeliwa na wadudu! Unaniongopea, Fundi, na hata kuongopa hujui.

Kama umeiuza, sema. Kama umeichoma kuni, sema, nitalia siku mbili na yatakwisha. Lakini kama ipo na unaificha, nieleze nimekukosea nini. Idi imebaki miezi miwili na mimi nimeshatangaza mji mzima. Muuza bajia ameshaniuliza akae upande gani.

Raiya


Marafa
2 Februari 2026

Bi Raiya,

Umenishika. Pembea ipo. Iko bandani nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai. Kila mwaka ninyi mkianza kufunga naipaka mafuta ya sifa, yale ya papa, mpaka kuku wenyewe wanahama kwa uvundo. Ukiniuliza naipaka kwa nini, sijui. Mkono umezoea.

Ila siji Malindi. Idi Tatu ile ya mwaka wa themanini na sita hukuisahau, na mimi sikuisahau. Pini ya sanduku la tano ilichomoka, sanduku likaanguka na mdogo wako Bi Nahla ndani, akavunjika mguu harusi ikiwa imebaki wiki tatu. Watu walisema yule Mgiriama mzembe, hakukaza pini. Sikubisha. Sanduku la bibi harusi likianguka, fundi hana la kusema. Baba yako hakunifukuza, nilijifukuza mwenyewe.

Mtafute kijana mwenye mashine ya kuunganisha vyuma, akutengenezee nyingine. Siku hizi wapo wengi.

Kavumbi Lewa

(Bi Raiya, samahani, kikaratasi hiki nimekichomeka mimi Charity bila Baba kujua. Baba hasikii. Miaka mingi ya kusimama kwenye mashine ya kupasua mbao kule Gede ilimmaliza masikio, na mwaka wa sita sasa hasikii hata radi. Ndiyo sababu hashiki simu. Anaona haya, hataki mtu wa Malindi ajue. Ati fundi asiyesikia mti wake hana kazi uwanjani. Tafadhali usimwambie nimesema.)


Shela, Malindi
10 Februari 2026

Fundi Kavumbi,

Hii ni karatasi ya tano. Nne nimezichana.

Kila mwaka ulitukataza tusifunge kitu chochote kwenye masanduku. Tulikuwa tukicheka nyuma yako. Mwaka ule mimi nikasema, yule fundi anajua nini mambo ya harusi? Bibi harusi atapandaje sanduku tupu kama mtoto wa chuo cha Kurani? Nikavua leso yangu kiunoni, nikaifunga juu ya sanduku la Nahla, palepale penye pini, ili ipepee aonekane ndiye mwenyewe. Pembea ikazunguka mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu nikaiona leso inajisokota, inavuta. Nilifungua kinywa, lakini vugo lilikuwa limepamba moto, na mdogo wangu akaanguka mbele ya macho yangu.

Si wewe, Fundi. Ni mimi. Walipoanza kukutaja jina nilinyamaza, na nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto. Posa ya Nahla ilivunjika, upande wa mwanamume wakisema hawataki bibi harusi wa kubebwa. Nilinyamaza. Baba amekufa hajui. Nahla yuko Watamu anachechemea mpaka leo, anakulaani wewe, mimi namtilia chai na kunyamaza. Nimeona haya maisha yangu yote, na haya hii sikupata wa kumpa.

Jambo la pili. Najua husikii. Usimgombeze Charity, nilimkamua mwenyewe. Kwani nani amekwambia ufundi ni masikio tu? Mikono umeiuza?

Sasa ukikataa, kataa ukijua ukweli.

Raiya


Marafa
17 Februari 2026

Bi Raiya,

Leso ilikuwa nyekundu na nyeusi, ina michoro ya korosho pembeni. Niliichomoa mimi kwenye mhimili nikaitia mfukoni wakati wote wanamkimbilia Bi Nahla. Nimejua miaka arobaini.

Usiniulize kwa nini sikusema. Ningesema, wangeacha kunisema mimi wakuseme wewe. Fundi wa Marafa akisemwa anarudi Marafa. Dada wa mtu akisemwa anarudi wapi?

Na wewe usijibebeshe yote, kwa sababu na mimi ninalo langu ambalo hata mke wangu sikumwambia. Niliisikia. Kabla ya pini kutoka nilisikia sauti ambayo si ya mti, laini, kama mtu anakamua nguo iliyofuliwa. Nikataka kugeuka nitazame. Lakini ahadi yangu kwa baba yako ilikuwa sigeuki, kwa kuwa nyuma yangu walikuwa wake za watu na mabinti wa watu wamevua mabuibui. Basi ningeita "Simamisha!" tu. Sikuita. Nilikuwa nimeshasimamisha mara mbili siku ile bila sababu, na wanawake wakanizomea, wakasema fundi anatunyima raha. Nikaona haya kusimamisha mara ya tatu. Nikasema ngoja nisikie tena. Sikusikia tena, nilisikia ukelele.

Kwa hiyo tuko wawili.

Nitakuja kwa sharti moja. Bi Nahla aambiwe yote, lako na langu, na ruhusa itoke kinywani mwake. Akikataa, sisogezi hata ubao. Na maneno usimpelekee kwa simu. Nenda umtazame usoni.

Kavumbi


Watamu
27 Februari 2026

Raiya,

Nimefunga na sitaki kutukana, ndiyo maana naandika. Ningekupigia simu swaumu yangu ingekwisha saa tatu asubuhi.

Jana umekuja, umekaa kwenye kiti changu, umeniambia, ukanyanyuka ukaenda zako kabla sijapata pumzi. Miaka arobaini! Umenishika mkono hospitali. Umeniogesha. Umekaa na mimi siku waliporudisha posa, ukalia kuliko mimi, na mimi mjinga nikakubembeleza wewe! Nikasema dada yangu ananipenda, tazama anavyolia.

Mguu nimeshauzoea. Yule mwanamume aliyenikataa naye simtaki, Mungu alinipa mume wangu Musab na sijajuta siku moja. Si hayo. Yule fundi. Nimemlaani kila Idi, Raiya. Kila Idi nilipokuwa nikifunga kile kiatu changu kirefu cha soli nene nilimtaja kwa jina lake na la baba yake. Na wewe uko hapo pembeni, unaniangalia, unanipa kikombe.

Usije. Usipige. Uwanja na uuzwe, usiuzwe, sijali.

Nahla


Shela, Malindi
4 Machi 2026

Mdogo wangu Nahla,

Sina la kujitetea. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa Mungu, na hilo nalo ni kosa.

Uwanja ukienda nitatia sahihi na sitakulaumu. Nimeshaanza kumzoea Faris anavyotabasamu. Lakini kama unalo neno kwa Fundi, kumuomba radhi au kumtukana zaidi, mwandikie mwenyewe. Barua zake anazisoma kwa macho, masikio hana tena. Kwa Mwalimu Charity wa Marafa zinafika.

Raiya


Watamu
9 Machi 2026

Kwa Fundi Kavumbi Lewa,

Shikamoo. Hunijui vizuri. Mimi ndiye niliyeanguka kwenye pembea yako.

Nimekuapiza miaka arobaini kwa jambo usilolifanya, na wewe ulikuwa na leso mfukoni. Ungeitoa ningeacha. Hukuitoa. Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena, na mume wangu amehamia kibarazani. Naomba unisamehe. Nasema wazi, bila kuzunguka: nimekukosea sana, baba yangu.

Lako nalo nimeambiwa, kwamba ulisikia ukaona haya kusimamisha. Hilo nimekusamehe, ila nataka nilipwe. Malipo yangu ni haya. Ruhusa unataka? Ruhusa siitoi, natoa amri. Lete pembea. Sanduku la tano liwe ni lilelile, usinibadilishie. Na safari hii ukihisi chochote, hata inzi ametua, simamisha. Simamisha mara mia. Atakayekuzomea nitamshukia mimi.

Dada yangu sijamsamehe bado. Nitamsamehe Idi, nikipenda.

Nahla Mbaruk


Marafa
13 Machi 2026

Bi Nahla, Bi Raiya,

Barua moja kwa wote wawili, karatasi zimeniishia.

Lori litashuka na mbao siku tano kabla ya Idi. Sanduku la tano ni lilelile. Pini zote nane nimechonga mpya, na kila moja nimeitoboa nikaitia ufunguo, kijichuma cha kuizuia, haitoki hata ukiivuta na fahali. Leso fungeni mnavyotaka, wanawake hamkatazwi, nimekubali. Nimewatengenezea msumari wa kufungia, mbali na pini.

Nimeijenga uani kuijaribu, nikaipa mgongo nikaweka kiganja kwenye nguzo, Charity na walimu wenzake wakizungusha. Mti unasema mkononi. Sikujua. Masikio yalikuwa yananizuia kujua.

Kavumbi Lewa, fundi


Shela, Malindi
25 Machi 2026

Fundi wangu Kavumbi, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Ulipomaliza kazi ulipanda lori ukaenda zako kabla sijakuandalia hata pilau. Na kwa kuwa mgongo ulitupa sisi na masikio hukuja nayo, ulikuwa uwanjani na hukuwapo. Kaa chini nikuhadithie yaliyotokea nyuma yako.

Kwanza watu. Niliingia baada ya adhuhuri, nikaogopa, tulikuwa kumi na wawili pamoja na muuza bajia. Faris alikuwa nje ya ua amekunja mikono. Nikasema Raiya, kalamu yako iko wapi, utie sahihi. Kumbe walikuwa wanangoja jua lipungue. Walipoanza kuja, yakhe, walikuja! Shela yote, Mambrui yote, mabibi wa rika langu wameshikwa mikono na wajukuu. Walikuja wanawake wa Gede, na wa kwenu Marafa na mitandio yao ya kanisani. Ua mzima ukawa mweusi kwa mabuibui, nafasi ikaisha, wakatundika kwenye mwarobaini. Bi mmoja wa miaka themanini na ushee alipoiona pembea alikaa chini mchangani akalia kama mtoto, kisha akanyanyuka akasukuma foleni.

Nahla alikuja na kiatu chake kirefu. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja sanduku la tano. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikiona haya. Akanitazama akasema, "Leso yako iko wapi?" Nikasema nimeifunga kiunoni. "Basi si uivue? Au leo mimi si bibi harusi?" Fundi, niliifunga kwenye msumari wako, fundo likafunguka mara mbili mpaka ikabidi anisaidie. Halafu akanivuta mkono, nikaingia naye.

Ulisimamisha mara nne. Sasa nakuambia kwa nini, maana najua umekaa huko unajiuliza. Mara ya kwanza mtoto aliangusha kiatu. Mara ya pili na ya tatu hapakuwa na kitu, wanawake walikuwa wanacheza chakacha karibu na nguzo, ardhi ndiyo iliyotikisika. Kila ulipoita "Simamisha!" uwanja mzima ulisimama kama watu walio kwenye swala. Ulipoinua mkono kuruhusu, walikupigia vigelegele wewe. Si pembea, wewe. Hakuna aliyezomea. Mmoja alifungua kinywa tu, Nahla akamtazama kutoka juu, akakifunga.

Mara ya nne tulikuwa sisi kileleni. Ukaita, wakasimamisha, tukabaki tunaning'inia. Nilishika ubao nikasoma kila aya ninayoijua. Nahla akacheka. Aliuona mji wote, akanionyesha mapaa, akanionyesha nyumba yetu, akasema ukiwa huku huwezi kujua nani anachechemea. Kisha akaniegemea bega. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Chini wakatupigia kelele, tushuke sasa, na yeye akawajibu kwa sauti ile yake ya sokoni, "Sishuki! Fundi akiruhusu ndiyo nitashuka!" Na wewe, maskini, hukusikia, umekaa na kiganja chako kwenye nguzo kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Na Faris. Tulipotoka tulimkuta palepale nje ya ua, amepakata mkoba wa mkewe, viatu vya mama mkwe wake, na watoto watatu ambao si wake. Wanaume wenzake walikuwa wamejipanga ukutani hivyohivyo. Akanitazama, akautazama uwanja. Akasema, "Shangazi, umeshinda." Nikamwambia sisikii, aseme kwa nguvu. Akasema kwa nguvu. Jana amerudia mbele ya ukoo wote: uwanja hauuzwi, ni wa Idi, na ameandika na kutia sahihi yeye. Nimelala usingizi wa mtoto.

Tumeshinda, Fundi. Sema basi ni lini utakuja kuishusha pembea na kuirudisha Marafa, nikuandalie lori, na pilau safari hii hulikimbii.

Raiya


Marafa
30 Machi 2026

Bi Raiya,

Marahaba, zote tatu.

Barua nimeisoma kwa sauti. Charity anasema nilikuwa napiga kelele mpaka majirani wakaja. Wamekaa, nimewasomea tena tangu mwanzo.

Ile mara ya nne sikusimamisha kwa sababu ya mti. Mti ulikuwa mzima kabisa. Nilihisi kwenye nguzo sanduku la tano limefika juu, lina uzito wa watu wawili, nikajua ni ninyi. Nikasema wacha wakae.

Kuhusu lori, usiandae. Sijakwambia jambo moja. Zamani nguzo nilikuwa nazichimbia futi tatu, kwa kuwa Idi ikiisha tunazing'oa. Safari hii nilipofika uwanjani, siku tano kabla, Faris hajasema neno na wewe hujaanza kutafuta kalamu, nilichimba futi sita, nikatia mawe na simiti nikashindilia. Siji kuishusha. Mwambie Faris kama siku moja atabadili mawazo, alete tingatinga, na ajipange na wanawake wa Malindi.

Kavumbi Lewa
Fundi wa pembea